Ukitaka kukaa meza moja na wazee wa pabu Uingereza, jifunze kribeji

Kila Mswahili anayefika Uingereza analalamika kitu kilekile, kwamba Waingereza hawaongei na mtu. Unakaa jirani na mtu mwaka mzima, mkikutana getini ni "baridi leo eeh", "kweli baridi", basi, kila mtu anaingia ndani kwake. Mimi nakubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba wanaongea sana tu tena hawanyamazi, ila lazima kuwe na kitu katikati yenu, mbwa, bustani, mpira, au karata. Mbwa sikuwa naye, bustani ndo kabisa, na timu ya pale mjini ilikuwa inafungwa kila wiki mpaka watu hawataki kuiongelea. Nikaangukia kwenye karata, kwenye mchezo unaoitwa kribeji.

Hiyo ilikuwa kaskazini, upande wa Lancashire, nilikuwa kule kikazi. Naandika hii kwa sababu nimeona vijana wengi wanaenda huko kusoma au kufanya kazi na wanakaa vyumbani na simu miezi na miezi, halafu wanarudi wanasema kule hakuna watu. Watu wapo. Wapo pabu, yaani baa zao za mtaani, Jumanne usiku, wamezunguka kaubao kenye matundu.

Na kabla hujaniuliza, mimi situmii kilevi. Hiyo haijawahi kuwa shida hata siku moja. Unaagiza soda na limau au juisi ya chungwa, unakaa nayo, hamna anayekuangalia. Kitu wanachoangalia ni ikifika zamu yako ya kununua raundi, yaani vinywaji vya meza nzima, hapo usijifanye umeenda chooni. Wewe ukinywa soda nao wakanywa bia, raundi yako bado ni raundi, nunua. Ndo utaratibu wao na wanaukumbuka kuliko hata jina lako.

Sasa karata zenyewe. Pabu za kule zina michezo mingi ya zamani na kila eneo lina wake. Kusini magharibi, Devon na Cornwall, wanacheza yuka, karata 25 tu, yaani 24 na moja ya ziada wanayoiita Beni ambayo inapiga kila kitu. Lancashire kuna doni. Kuna bragi, hiyo ni ya karata tatu na ni ya hela, nitairudia. Ila ukiniuliza mgeni aanze na upi, nitakwambia kribeji, wao wenyewe wanakata wanasema "kribu", na sababu yangu siyo kwamba ni rahisi. Sababu ni kwamba kribeji ni mchezo unaochezwa kwa mdomo. Kila karata inayowekwa mezani inasemwa, kila pointi inatajwa kwa sauti, kwa hiyo hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga na lafudhi ya wale wazee huishiki, una maneno yako tayari umeshaandaliwa. Unajua cha kusema na lini. Kwa mtu mwenye aibu kama mimi hiyo ilikuwa dawa.

Mchezo ni wa zamani kweli. Mwandishi mmoja wa karne ya 17, John Aubrey, aliandika kwamba aliyeubuni ni Sir John Suckling, mshairi na mtu wa starehe zake, akiutoa kwenye mchezo wa zamani zaidi ulioitwa Nodi. Huyo Aubrey anasema pia kwamba Suckling alikuwa anasambaza karata zenye alama zake za siri kwenye nyumba za kamari nchi nzima na akapiga hela ndefu. Kwa hiyo ukiona mzee wa pabu anazigeuzageuza karata zako mpya kwa jicho la mashaka, usichukie, ana historia nyuma yake.

Nieleze unavyochezwa, siyo kila kitu, kitu cha kukufanya usiwe gogo siku ya kwanza. Mkiwa wawili kila mtu anapewa karata sita. Unabaki na nne, mbili unazitupa pembeni kifudifudi, mwenzio naye hivyohivyo, hizo nne zinakuwa "boksi" na boksi ni mali ya aliyegawa. Halafu asiyegawa anakata pakiti na karata moja inafunuliwa juu, hiyo ni ya wote. Ikitokea ni jeki, mgawaji anachukua pointi 2 palepale, wanasema ni za visigino vyake, usiniulize kwa nini. Mkimaliza hapo mnaanza kuweka karata moja moja kwa zamu huku mnajumlisha kwa sauti, kingi kwini na jeki zote ni kumi, ree ni moja, na jumla haitakiwi kupita 31. Ukiifikisha 15 kamili unapata 2, ukiifikisha 31 unapata 2, ukiweka karata sawa na aliyoweka mwenzio ni pea, 2, akiweka ya tatu ni 6, ukiwa na ya nne ni 12 na meza nzima inaguna. Karata zikifuatana, mfano 8 halafu 7 halafu 9, ni pointi 3, hata kama hazijapangana kwa mpangilio. Asiyeweza kuweka bila kupita 31 anasema "endelea", na aliyeweka ya mwisho anapata 1.

Baada ya hapo ndo kila mtu anafunua mkono wake, yaani zile karata zake nne, na kuhesabu pamoja na ile karata ya juu. Na hapa ndo kribeji ilipo. Unatafuta 15 kwa kila namna zinavyoweza kupatikana, kila moja ni 2. Halafu mfuatano. Halafu pea. Halafu kama una jeki wa aina ileile na karata ya juu, yaani juu ni kopa na wewe una jeki wa kopa, unaongeza 1.

Chukua mfano huu. Mkononi una 4, 5, 6 na 6 nyingine, juu kuna kingi. Tano na kingi, 15, hiyo 2. Nne na tano na sita ya kwanza, 15, hiyo 4. Nne na tano na sita ya pili, 15 tena, 6. Mfuatano wa 4-5-6 upo mara mbili kwa sababu sita ziko mbili, 3 na 3, unafika 12. Pea ya sita, 14. Mzee anayejua anakisema hiki chote ndani ya sekunde tatu, kama wimbo, "kumi na tano mbili, kumi na tano nne, kumi na tano sita..." na kijiti chake cha pointi kimeshahama kwenye ubao. Wewe mgeni bado unaangalia ile tano.

Ushauri wangu wa kwanza na ni mkubwa kuliko yote yanayofuata: usijifunze mbinu kwanza, jifunze kuhesabu mkono kwa sauti. Kwa sauti, siyo kichwani. Chukua pakiti chumbani kwako, toa karata tano, hesabu kwa mdomo, changa, toa nyingine tano. Fanya wakati unasubiri wali uive. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mbinu mbovu inakupotezea mchezo tu, lakini kuhesabu polepole kunawapotezea wao usiku, na wale watu ni wastaarabu hawatakwambia kitu, utakuta tu wiki ijayo meza imejaa. Mtu anayehesabu haraka na sawasawa anapendwa hata kama anafungwa kila siku, nimeliona hilo kwa macho yangu. Na fuata mpangilio huohuo kila mara, 15 kwanza, mfuatano, pea, jeki mwisho, ukichanganya utaacha pointi mezani.

Na kuacha pointi mezani kuna gharama yake kwenye pabu zinazocheza sheria ya "magini". Sheria hiyo inasema pointi ulizosahau kuhesabu, mpinzani anazitaja na kuzichukua yeye. Sio kila pabu inaitumia, nyingine ni kwenye ligi tu, nyingine hawataki kabisa kuisikia wanaona ni roho mbaya. Uliza kabla ya karata ya kwanza kugawiwa, "tunacheza na magini au bila?" Swali hilo moja linaonyesha wewe siyo mtalii.

Ule ubao sasa. Watu wanauogopa bure. Una mistari ya matundu, kila upande una matundu 60, unapanda 30 unashuka 30, unazunguka mara mbili na tundu moja la kumalizia, 121, ndo mwisho. Kila mchezaji ana vijiti viwili na vinarukana, cha nyuma kinaruka cha mbele, kwa hiyo umbali kati ya viwili ni pointi ulizopata mara ya mwisho na mtu yeyote anaweza kukagua. Utaratibu mzuri sana huu, hauhitaji karatasi wala kalamu wala kuaminiana. Mahali nilipokuwa nacheza vijiti vya asili vilishapotea zamani, walikuwa wanatumia njiti za kiberiti, upande mmoja umechomwa upande mwingine haujachomwa. Ukiona hivyo ujue uko pabu sahihi. Kitu kimoja tu, usiguse kijiti cha mtu mwingine. Hata kama kimedondoka, hata kama unamsaidia. Mwambie tu.

Mbinu nitataja chache, zile ambazo zilinitoa kwenye kufungwa kila siku. Karata za kumi ziko 16 kwenye pakiti ya 52, kwa hiyo tano ni dhahabu, kila tano inatafuta kumi na kumi zimejaa. Usitupe tano kwenye boksi la mwenzio, kamwe, hata kama mkono wako unaharibika. Boksi likiwa lako ni habari nyingine, hapo tupa pea, tupa tano na kumi, tupa 7 na 8, unajiwekea akiba. Ukianza wewe kuweka, anza na nne au chini ya hapo, maana hamna karata moja itakayoipandisha nne mpaka 15. Ukiwa na pea ya nne ndo raha zaidi, unaweka moja, mwenzio akishawishika akaweka nne yake kuchukua 2, unamdondoshea ya tatu unachukua 6. Nakumbuka mama mmoja pale, mtu mzima, mpole, anafuma sweta kati ya mchezo na mchezo, huyo alikuwa na huo mtego na aliutega kila wiki na watu wazima na akili zao wanaingia. Mimi mmojawapo.

Na angalia nani anahesabu kwanza. Asiyegawa ndo anaanza kuhesabu mkono wake, halafu mgawaji mkono, halafu mgawaji boksi. Mkikaribia 121 hii inabadilisha kila kitu. Mpinzani akiwa na 115 na ni zamu yake kuhesabu kwanza, mkono wako wa pointi 20 unaweza usiwe na maana yoyote, akipata sita tu hutafika kuuhesabu. Kwa hiyo mwishoni unacheza kumzuia, unavunja hata mkono mzuri ili asipate zile mbili tatu za mezani. Wageni wengi hawalioni hili, wanang'ang'ania mkono mzuri kama mtu anayepamba nyumba huku paa linavuja.

Mkono mkubwa kabisa ni wa pointi 29. Lazima uwe na tano tatu na jeki mkononi, na karata ya juu iwe tano ya nne ya aina ileile na jeki wako. Uwezekano wake mkiwa wawili ni mara moja kwa 216,580. Wapo wanaocheza maisha yao yote hawajaiona. Upande wa pili, hakuna mkono unaoweza kutoa 19, haiwezekani kihesabu, kwa hiyo mzee akifunua karata zake akasema kwa huzuni "kumi na tisa", anamaanisha hana hata moja. Ukicheka mahali pake hapo umeshaingia ndani, niamini. Na pea mbili bila kitu kingine, pointi 4, wanaiita bustani ya Morgan. Sijui huyo Morgan alikuwa na miti mingapi.

Kwenye usiku wa ligi mara nyingi mnacheza wawili kwa wawili, mnakaa kwa kupishana, mwenzako mbele yako. Hapo kila mtu anapewa karata tano na anatupa moja tu. Ni mchezo mwingine kabisa kwa hisia zake maana sasa ukikosea kuna mtu anakuangalia usoni, na huruhusiwi kumwambia chochote, wala kukunja uso, wala kuhema kwa nguvu. Mwenzangu wa mezani alikuwa fundi bomba mstaafu, miezi mingi tulikaa meza moja nikijua anavyotupa karata, anavyoshika ree mpaka mwisho, anavyokasirika bila kuonyesha, lakini sijui ana watoto wangapi. Halafu siku moja kati ya mchezo wa pili na wa tatu akaanza tu kunihadithia kuhusu mke wake aliyefariki, dakika kumi nzima, karata zikigawiwa akanyamaza tukaendelea. Kwa kiwango cha kule huo ni urafiki wa kufa na kuzikana.

Katikati ya michezo mwenye pabu analeta sandwichi na chipsi za bure kwa timu zote mbili, kula, ukikataa wanaona unajidai. Ukiwa huli nguruwe sema mapema kwa upole, siku ya kwanza tu, kuanzia wiki inayofuata utakuta sahani ya jibini imetengwa upande wako na hamna aliyesema neno.

Suala la hela. Najua wengi ndo mnalosubiri, na najua kuna wanaoogopa kwa sababu ya dini na wanaoogopa kwa sababu ya viza. Kribeji inachezwa bila hela kabisa bila shida yoyote, mimi nimecheza hivyo miaka yote, unasema tu "mimi nacheza kwa pointi" na wanakubali. Wao kati yao huweka sarafu kidogo. Kisheria iko hivi: Sheria ya Kamari ya 2005 na kanuni zake zinaruhusu karata za hela ndogo ndani ya pabu, michezo mingi imewekewa kikomo cha paundi 5 kwa mtu kwa mchezo mmoja, lakini kribeji na domino hazikuwekewa hicho kikomo, zimeachwa kama zilivyo kwa sababu ni za asili. Mwenye pabu haruhusiwi kukata chochote kwenye hela za wachezaji wala kutoza kiingilio, na aliye chini ya miaka 18 hachezi. Ukiona pabu mtu anakusanya ada ya kukaa mezani, ondoka.

Bragi ndo nikasema nitairudia. Karata tatu, mkono mkubwa kuliko yote ni karata tatu zote za namba 3, mkusanyiko wa ajabu lakini ndo sheria yao, zinapiga hata ree tatu. Na kuna mtu anaruhusiwa kucheza bila kuangalia karata zake, anaweka nusu ya wanachoweka wenzie, kwa hiyo mtu mlevi kidogo anaweza kukumaliza bila hata kujua ameshika nini. Inavutia kuangalia. Kaa pembeni uangalie, ukiwa na mshahara wa wiki mfukoni usikae karibu hata ya kuangalia.

Unaingiaje sasa? Usiende Ijumaa wala Jumamosi, hizo ni siku za kelele na vijana. Nenda katikati ya wiki, jioni, pabu ya mtaani siyo ya katikati ya mji yenye taa za rangi. Angalia kama kuna ubao wa kribeji nyuma ya kaunta au sanduku la domino, au ratiba ya ligi imebandikwa ukutani karibu na ubao wa kurushia mishale. Ukiona, muulize aliyeko kaunta usiku wa karata ni lini. Siku hiyo ukifika kaa meza ya jirani na soda yako, usiwasimamie mgongoni, na usimshauri mtu hata kama umeona pointi aliyoiacha. Hilo la mwisho ndo gumu. Kwa kawaida haichukui muda mrefu, timu hizi zina watu wa umri mkubwa, kuna mgongo unauma, kuna mjukuu kazaliwa, kila wiki kuna kiti kimoja kipo wazi na hawapendi kutoa pointi bure kwa timu ya kijiji cha pili. Watakugeukia watakuuliza unajua kucheza. Jibu "najua kuhesabu", ndo jibu wanalolitaka. Mkikata kuamua nani agawe kwanza, kumbuka aliyekata karata ndogo ndiye anagawa na boksi ni lake, wageni wengi hudhani ni kubwa.

Pabu zenyewe kila mwaka kuna zinazofungwa moja kwa moja, na nyingi zilizobaki zimegeuka kuwa za chakula zaidi, meza zina vijiko na glasi za mvinyo, ubao hauna pa kuwekwa. Kwa hiyo ukikosa pabu yenye ligi, jaribu klabu za wafanyakazi, zile zenye mlango usio na mvuto. Na kama uko mbali kabisa na yote haya, programu za simu za kribeji zipo na zinasaidia, ila zinakuhesabia pointi zenyewe na hapo zinaharibu kila kitu nilichosema. Nenda kwenye mipangilio, zima hiyo, na washa magini kama ipo. Utafungwa na simu wiki mbili tatu halafu utaanza kuziona 15 bila kuzitafuta.